Mji Usio na Timu Humpokeaje Nyota Wake?

Nimeombwa nizungumze hapa Mbeya, mbele ya watu wa Mbeya na Iringa, kuhusu wanamichezo wanaorudi nyumbani, na timu zina maana gani kwa miji kama yetu. Nitabaki kwenye mpira wa miguu, kwa kuwa huo ndio unaojaza viwanja vya Sokoine na Samora, na ndio unaowafanya watu wazima waache kula wakisikia matokeo.

Nianze na bao moja. Tarehe 17 Januari 2022, katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya City iliifunga Simba 1–0. Simba walikuwa mabingwa watetezi, wana kikosi ambacho bajeti yake huwezi kuitaja siku moja na bajeti ya halmashauri yetu. Aliyefunga ni Paul Nonga. Wengi humu mnakumbuka kelele za siku ile, lakini naomba mkumbuke pia safari ya mfungaji. Nonga alikuwemo kwenye Mbeya City ile ya msimu wa 2013/14, iliyopanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Baadaye akapita Mwadui, akavaa jezi ya Yanga, akaja Lipuli ya Iringa, akaenda Gwambina ya Misungwi, kisha akarudi hapa. Sijali sana alizaliwa hospitali gani. Nazungumzia jezi iliyolifanya jina lake lijulikane nchi nzima, na siku aliyoivaa tena na kuwafunga mabingwa akiwa ndani yake.

Watu wa Iringa nao wana haki yao kwa mtu huyohuyo. Mei 2019, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Lipuli iliichapa Yanga 2–0 pale Samora. Mabao yalikuwa ya Nonga na Daruwesh Saliboko. Mji ambao kwa miaka mingi ulizoea kuona Yanga na Simba wakija kuchukua pointi kama wanaokota machungwa yaliyoanguka, ulilala jioni ile ukiwa umefika fainali. Tarehe 1 Juni Wanapaluhengo wa Lipuli walisafiri hadi Uwanja wa Ilulu, Lindi, wakafungwa na Azam bao 1–0. Mshindi ndiye aliyekuwa anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Kati ya Iringa na michuano ya bara zima palikuwa na bao moja tu. Mwaka mmoja baadaye Lipuli ilishuka daraja. Mbeya City nayo, msimu uliofuata ule wa bao la Nonga, iliangukia kwenye mechi za mchujo, ikatolewa na Mashujaa ya Kigoma na kushuka.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Tunapenda sana habari ya nyota anayerudi. Tunampokea stendi, tunampa kitambaa cha unahodha, tunapiga picha naye. Lakini nyota mmoja akirudi kwenye timu isiyo na mizizi, anatupa jioni moja ya furaha, halafu tunarudi tulikokuwa. Swali la kuuliza ni kama mji una kitu cha kudumu cha kumpokelea.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa ajili ya vijana. Ukanda huu haukuanza mpira mwaka 2013. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe wenye mvua, chai na ndizi, ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na ilifanya hivyo ikiwa ngeni kabisa kwenye ligi. Fikirini Tukuyu ya mwaka ule: uchumi wa nchi uko hoi, mafuta ya shida, sabuni ya foleni, na timu inayosafiri barabara nzima hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800, inarudi na kombe. Wazee wa Rungwe wakisimulia habari ile wanakaa sawa kwenye kiti. Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza yenye makao yake hapa Mbeya, nayo iliwahi kupata ubingwa. Mecco, timu ya kampuni ya ujenzi, iliwahi kuufanya Uwanja wa Sokoine kuwa mahali pa kuogopwa. Jirani zetu wa Songea walikuwa na Majimaji.

Timu nyingi za mikoani za enzi zile zilikaa juu ya mabega ya shirika la umma au kampuni. Pamba ya Mwanza ilikuwa na zao lake, Reli ya Morogoro ilikuwa na treni zake, Ushirika ya Moshi ilikuwa na ushirika wake, RTC Kagera ilikuwa na maduka ya biashara ya mkoa. Mchezaji alikuwa na ajira. Asubuhi yuko karakana au stoo, jioni yuko mazoezini, na goti likiharibika bado ana dawati la kurudia. Miaka ya tisini mashirika yalipouzwa au kufungwa, timu zilikufa nayo, na hakuna aliyezifanyia hesabu kwenye orodha ya vilivyopotea. Tulihesabu mashine na majengo, tukasahau kuhesabu kumi na mmoja wa Jumamosi. Tangu Mtibwa Sugar ya Turiani ilipokuwa bingwa mwaka 2000, ubingwa wa nchi hii haujatoka tena Dar es Salaam. Simba, Yanga, na mara moja Azam. Azam yenyewe ililibeba taji lake hapahapa Sokoine, Aprili 2014, kwa kuifunga Mbeya City 2–1. Tulikuwa karibu kiasi hicho, tukawa wageni waalikwa kwenye sherehe iliyofanyika nyumbani kwetu.

Kipindi hichohicho miji yetu ilipoteza na mengine. Mbeya ilijengewa matumaini makubwa na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Vijana walikuja Iyunga kutoka wilaya zote kufuata kazi za kiwandani. Kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, kilitengeneza majembe. Kiwanda cha nguo kilikuwepo. Cha sabuni kilikuwepo. Leo mtoto wa miaka kumi anayepita nje ya maeneo hayo hajui kwamba babu yake aliingia pale na kadi ya kazi. Iringa nayo ina hadithi zake, na kule Mgololo, Mufindi, wanakumbuka miaka ambayo mitambo ya karatasi ilikaa kimya. Miji haikufa, tena inakua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya, na 202,490 katika Manispaa ya Iringa. Lakini kukua kwa watu bila kazi ya kudumu ni kukua kwa bodaboda, kwa meza za mitumba, kwa kijana mwenye cheti anayemsaidia shangazi yake kuuza viazi Uyole huku akisubiri aitwe kwenye usaili.

Sasa mpe kijana huyo timu. Anapata nini? Wapo wanaosema anapata usahaulifu, anasahau njaa kwa dakika tisini. Sikubaliani nao, na sipendi wanavyolisema, kwa sababu wanamdharau. Tazama siku ya mechi kubwa. Saa nne asubuhi mama lishe wa jirani na uwanja ameshaongeza kilo za mchele. Nyumba za kulala wageni zimejaa watu kutoka Tunduma, Vwawa, Kyela na Chunya. Pale Mwanjelwa muuza jezi ametandika turubai chini, zambarau ya Mbeya City upande huu, kijani ya Yanga upande ule, na anasoma uso wa mteja kabla hajamwita. Bajaji zinapanda na kushuka kutoka Mafiati na Kabwe. Fundi cherehani anashona bendera. Fedha hiyo inaingia mikononi mwa watu siku hiyohiyo, bila semina wala andiko la mradi.

Hata hivyo fedha si kubwa kama tunavyojidanganya. Mapato ya mlangoni ya mechi moja ya Yanga au Simba huweza kuzidi ya mechi nyingi za timu nyingine zikijumlishwa pamoja, na hizo mbili zinakuja mara moja moja kwa msimu. Kuna kingine ninachokiona kizito zaidi. Jina la Mbeya kwa muda mrefu lilifika kwenye redio ya taifa kwa habari ya lori lililokosa breki Iwambi au Mlima Nyoka. Msimu ule wa 2013/14 jina hilohilo lilisomwa kila wiki katika msimamo wa ligi, nafasi ya tatu. Mtoto wa Mbeya anayesoma Dodoma au Dar aliacha kueleza kwao ni wapi. Mashabiki walivaa zambarau na nyeupe wakaifuata timu mikoani, wakiimba, na nchi nzima ikajifunza neno la Koma Kumwanya. Hakuna mkakati wa kutangaza jiji uliowahi kutufikisha mbali kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Na aliyeilea timu ile alikuwa mtu wa hapahapa, Juma Mwambusi. Kikosi hakikuwa na majina makubwa. Kilikuwa na vijana wa ligi za chini na mchangani, wengi wao wakisikika kwa mara ya kwanza: Deus Kaseke, Mwegane Yeya, Hassan Mwasapili, Steven Mazanda, Anthony Matogolo, golini David Burhani, ambaye Mungu alimchukua Januari 2017 angali kijana na angali mchezaji. Nalitaja jina lake kwa heshima.

Kisha ikaja habari tunayoijua wote. Kaseke akaenda Yanga mwaka 2015. Mwambusi naye akaenda Yanga kuwa kocha msaidizi. Raphael Daud akafuata miaka miwili baadaye. Eliud Ambokile akaenda mbali zaidi, hadi TP Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 2019. Simlaumu hata mmoja. Maisha ya mchezaji ni miaka kumi ukibahatika, na mwenye nyumba hapokei kodi kwa nyimbo za mashabiki. Anayeitwa na Jangwani au Msimbazi, yaani Yanga au Simba, akakataa atakuwa anamnyima mama yake. Ninachouliza ni nini kilibaki Mbeya baada ya kila mmoja wao kuondoka. Kilibaki kiwanja gani cha mazoezi? Ilibaki timu gani ya vijana? Msimu uliofuata tulianza kusajili upya, tukachukua wenye majina walioelekea mwisho wa safari zao. Juma Kaseja alipita hapa. Mrisho Ngassa alipita hapa baada ya kutoka Oman. Ni wachezaji wakubwa wa nchi hii na tuliwapenda, lakini walikuja kama wageni wa heshima, wakaondoka kama wageni wa heshima.

Ndiyo maana mzunguko wetu umekuwa huu: kijana anatoka mchangani Itiji au Kihesa, anang'aa misimu miwili, anachukuliwa Dar es Salaam, anasugua benchi, anatolewa kwa mkopo, anazunguka timu nne, halafu anarudi nyumbani akiwa na miaka thelathini na kitu kuja kumalizia soka. Magoti yamechoka. Kichwani ana elimu kubwa, amefundishwa na makocha kutoka Serbia na Ubelgiji, amecheza mbele ya watu elfu sitini Uwanja wa Mkapa, anajua chakula cha mchezaji na usingizi wa mchezaji. Sisi tunamtumia kwa kile alichobakiza miguuni, na kile kilichojaa kichwani tunakiacha. Akistaafu tunamwona kijiweni, akiulizwa na vijana habari za zamani. Huo ni uharibifu. Kocha wa watoto wa miaka kumi na miwili hahitaji magoti mazima.

Wapo waliorudi vizuri. Kule Kenya, Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa 1968 na 1972, alirudi Eldoret akajenga nyumba ya kulelea yatima na shule. Baada yake wanariadha wa Bonde la Ufa wakageuza tuzo za mbio za marathoni kuwa majengo, maduka, mashamba na kambi za mazoezi, mpaka ukipita Eldoret na Iten unaona kwa macho kwamba mbio zimejenga mji. Eldoret ilitangazwa kuwa jiji Agosti 2024. Kwetu, Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alifungua shule Dar es Salaam na Kibaha. Marekani, LeBron James aliiacha Cleveland, mji wa viwanda vilivyozeeka, mashabiki wakachoma jezi zake. Akarudi mwaka 2014, na mwaka 2016 wakapata ubingwa ambao mji ule haukuwa umeuonja katika mchezo wowote mkubwa tangu 1964. Watu hupenda kuishia kwenye picha ya machozi. Mimi natazama kile alichokikuta: uwanja upo, timu ipo palepale, ligi inagawa mapato ya televisheni kwa miji midogo kama inavyogawa kwa New York. Alirudi kwenye nyumba iliyosimama.

Nyumba zetu zimesimama? Twendeni Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu, timu iliyopewa jina la ardhi oevu ya Usangu, iliifunga Yanga 2–1 pale Highland Estates, Ubaruku, katikati ya nchi ya mpunga. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Rekodi iliyoshindikana kwa kila mtu ilivunjiwa Ubaruku. Mwambusi naye alirudi ukanda huu kuinoa Ihefu. Ningeweza kuwaambia hadithi hii ikaishia hapo, mkapiga makofi. Lakini mwanzoni mwa 2024, katikati ya msimu, Ihefu ilihamishiwa Singida, ikaanza kutumia Uwanja wa Liti. Msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Nafasi ile ya Ligi Kuu iliyopatikana kwa jasho la Mbarali, leo imewapeleka watu wa Singida kwenye mashindano ya Afrika. Sina ugomvi na ndugu zetu wa Singida, wao walipata timu na wakaishangilia. Wenye mali waliamua, sheria haikuwazuia. Mkulima wa Ubaruku aliyesimama juani siku ile ya Novemba hakuulizwa, kwa sababu hakuwa na hata hisa moja ya kuulizwa kwayo.

Chunya nao walipandisha Ken Gold, timu iliyoinuka na fedha ya dhahabu, ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ikitumia Sokoine, ikashika mkia, ikashuka. Njombe Mji ilipanda mwaka 2017 ikashuka mwaka 2018. Prisons kuna msimu ililazimika kwenda kuchezea Sumbawanga. Ukiziweka pamoja unaona kanda inayozaa timu kwa wingi na kushindwa kuzikuza. Mwenye fedha akichoka, timu imechoka. Mkurugenzi akihamishwa, bajeti imehamishwa.

Mbeya City ni jaribio tofauti, nami nalitetea kwa moyo wote pamoja na kasoro zake. Ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji. Baada yake tumeona KMC ya Kinondoni, tumeona Dodoma Jiji, tumeona Pamba Jiji ya Mwanza. Halmashauri za nchi hii zilijifunza kutoka Mbeya, na hilo tulisahau kujisifia. Timu ya halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikawa ya mkoa mwingine. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Hasara yake ni kwamba fedha ya mshambuliaji inakaa kwenye kapu moja na fedha ya dawa za zahanati na madawati, na diwani anayehoji kwa nini kodi ya wauza nyanya ilipe posho ya mchezaji anahoji jambo la haki kabisa. Tusimzomee. Tumjibu kwa kumwonyesha vitabu, na kwa kupunguza mzigo huo mwaka hadi mwaka mpaka timu isimame kwa wanachama, wadhamini, haki za televisheni na mauzo ya wachezaji. Mkataba wa Azam na TFF wa mwaka 2021 una thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Timu iliyomo Ligi Kuu inapata fungu lake. Iliyoshuka inabaki kuangalia mechi kwenye kibanda umiza kama sisi wengine. Mbeya City ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Kila msimu inaobaki ni fedha, na kila msimu inaopotea ni deni.

Nimesema mauzo ya wachezaji. Hapa naomba viongozi wa vilabu vya mchangani wanisikilize kwa makini kuliko wengine, kwa sababu kuna fedha yao wasiyoijua. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia tano ya ada hukatwa na kugawiwa kwa vilabu vyote vilivyomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 kila mmoja una robo ya asilimia. Kuanzia miaka 16 hadi 23 kila msimu una nusu asilimia. Jumlisheni wenyewe, inafika tano kamili. Chukua kijana aliyesajiliwa na klabu ya Mlandege au Soweto kwa misimu sita, kuanzia miaka 14 hadi 19. Fungu la klabu hiyo ni asilimia mbili na nusu. Akiuzwa nje kwa dola 200,000, klabu inadai dola 5,000, zaidi ya shilingi milioni 12. Na akiuzwa tena kwa ada kubwa kutoka nchi hiyo kwenda nyingine, klabu inadai tena. Milioni kumi na mbili kwa timu ya mtaa ni mipira, ni nyavu, ni daluga za timu nzima, ni nauli ya mashindano ya misimu kadhaa, na chenji inabaki.

Lakini fedha hiyo hailipwi kwa kumbukumbu za kijiweni. Hulipwa kwa kumbukumbu za usajili. Lazima mtoto awe amesajiliwa kwenye mfumo wa shirikisho, kwa jina lake halisi na umri wake halisi, katika klabu iliyosajiliwa, msimu kwa msimu. Na hapa lazima tuseme ukweli unaouma: tumewapunguzia watoto wetu umri ili wacheze mashindano ya chini ya miaka 17 wakiwa na ishirini, tukabadilisha majina, tukawachezesha chandimu na ndondo bila karatasi yoyote. Kijana akifika Lubumbashi au Cairo na mahali pa klabu iliyomlea pakawa patupu, fedha ya kwao inakwenda kwingine. Tumemnyima nyota njia rahisi kuliko zote ya kurudi nyumbani, ile ambayo hahitaji hata kupanda basi.

Ambokile baada ya Mazembe alirudi kuvaa jezi ya Mbeya City, na mabao yake yalikuwa sehemu ya safari ya timu kurudi Ligi Kuu. Huo ni mfano wa kurudi ukiwa bado na nguvu. Kabla ya kurudi hivyo, mchezaji huangalia kama mshahara unalipwa tarehe inayosemwa, kama kuna daktari, kama nyasi zinakatwa. Uwanja wa Sokoine, chini ya mlima Loleza, na Uwanja wa Samora ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, na historia ya jinsi viwanja hivi vilivyojengwa enzi ya chama kimoja, kwa nguvu na michango ya wananchi, inajulikana na wazee waliomo humu ndani. Sisemi hili kwa siasa. Nasema timu inayopanga uwanja kwa kila mechi haiwezi kupanga maisha yake ya miaka kumi. Chama, halmashauri na vilabu wakae wakubaliane juu ya mikataba mirefu yenye masharti ya wazi: nani anatunza nyasi, nani anatengeneza vyoo vya akina mama, mapato ya mlangoni yanagawanywa vipi. Mama mwenye watoto anayekosa choo harudi uwanjani tena, na watoto wake hawarudi.

Kuna jambo la ushabiki pia, nalo nitalisema bila kuficha. Simba au Yanga wakija hapa, nusu ya uwanja, pengine zaidi, ni wekundu au kijani. Watu wa Mbeya na Iringa wanaishangilia Dar es Salaam ndani ya nyumba yao. Sitawaambia muache, mapenzi ya Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 wengine mmerithi kwa baba zenu. Ila mtu anaweza kuwa na klabu ya moyo na klabu ya mji, na klabu ya mji haiwezi kuishi kwa mechi mbili tu zilizojaa kwa mwaka. Njooni siku ya Jumatano, inapocheza na timu isiyo na jina, mvua ikinyesha, jukwaa la mzunguko likiwa na watu mia mbili. Siku hizo ndizo zinazoamua nani anashuka.

Namalizia na maombi, na kila ombi lina mwenyewe. Ninyi viongozi wa Mbeya City, na ninyi wa Iringa mnaotaka kuifufua Lipuli: fungueni daftari la uanachama mwaka huu, kwa ada ambayo muuza ndizi ataimudu, na muandike kwenye katiba kwamba makao na jina la timu haviwezi kubadilishwa bila kura ya wanachama. Kwa vilabu vyenye wawekezaji serikali imekwisha kuelekeza kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Sisi tuanze na hiyo kabla mwekezaji hajafika. Ninyi vyama vya mpira vya mikoa: wakati wa dirisha lijalo la usajili, nendeni wilayani na kompyuta, msajili watoto wa miaka kumi na miwili kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Ninyi wachezaji wa zamani mliomo ukumbini, najua mpo, nawaona: msisubiri kuitwa. Kozi za ukocha za ngazi ya chini zinatolewa, na shule za msingi za kata zenu zina viwanja vyenye watoto jioni na hazina mwalimu wa mpira. Na ninyi mnaocheza sasa Dar es Salaam na nje ya nchi, mkiusoma mhadhara huu ukishachapwa, pigeni simu kwa klabu iliyowapa daluga ya kwanza, mkaulize kama majina yenu yamo kwenye kumbukumbu zake. Kama hayamo, msaidieni katibu kuyaandika wiki hii.